MTOTO MWENYE MKONO DHAIFU: TUMSAIDIE VIPI ANAPOANGUKA KILA MARA?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa jamii katika mkutano wa wazazi hapa Kiryandongo. Tumeyachapa kwa sababu wazazi wengi waliomba wayapate kwa maandishi. Ukishasoma, mpe jirani yako naye asome, na asiyejua kusoma msomee.)



Leo sitazungumza juu ya maji wala chanjo. Nataka tuzungumze juu ya mtoto ambaye mkono wake mmoja ulilegea tangu alipozaliwa, na ambaye sasa ameanza kutembea. Mtoto huyu huanguka kuliko wenzake. Akianguka, hupiga uso chini. Kila siku ana uvimbe mpya kwenye paji la uso, na mama yake amechoka kuulizwa na majirani, "Huyu mtoto mnampiga?"

Mtoto wa namna hii ninamjua vizuri, kwa sababu ni mdogo wangu wa kuzaliwa. Wengi wenu mnakumbuka tulivyovuka mpaka kutoka Kenya mapema mwaka 2008, tukawekwa Mulanda, wilaya ya Tororo. Mdogo wangu alizaliwa wakati huo. Mimi nilikuwa na miaka saba. Alikuwa mtoto mkubwa, kichwa kikatoka, mabega yakakwama. Mkunga alijitahidi akamwokoa, na mama pia akapona. Lakini tulipomfunua mtoto tuliona mkono wa kulia unaning'inia. Kiwiko kilikuwa kimenyooka na kiganja kimegeukia nyuma, kama mtu anayepokea pesa kwa siri nyuma ya mgongo wake.

MKONO UMEPATA NINI?

Kutoka shingoni hutoka mishipa ya fahamu, ambayo wengine huiita neva. Mishipa mitano mikubwa huungana karibu na bega, kisha hugawanyika kwenda kwenye bega, mkono na vidole. Kazi yake ni kupeleka amri kutoka kwenye ubongo, "kunja, inua, shika," na kurudisha habari, "hapa pana moto, hapa panauma." Mtoto akikwama mabega wakati wa kuzaliwa, shingo huvutika upande mmoja na mishipa hiyo huvutika pamoja nayo. Ikivutika kidogo hupona yenyewe. Ikivutika sana au ikikatika, mkono hubaki dhaifu.

Jambo hili si geni. Huwapata kama mtoto mmoja au wawili katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Daktari Mjerumani, Wilhelm Erb, aliandika habari zake mwaka 1874, na ndiyo maana huenda ukaona jina "Erb" limeandikwa katika kitabu cha kliniki cha mtoto wako. Basi si uchawi, si laana ya ukoo, wala si adhabu ya mama kwa kutembea usiku akiwa na mimba. Nyumbani kwetu maneno hayo yote yalisemwa, na mama alilia kwa ajili ya maneno kuliko kwa ajili ya mkono.

Watoto wengi hupata nafuu kubwa katika miezi ya kwanza. Lakini mtoto akifikisha miezi mitatu na bado hawezi kukunja kiwiko, inafaa aonwe na daktari bingwa, kwa sababu upasuaji wa mishipa yenyewe hufaa zaidi kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Sisi hatukujua. Katika kituo kimoja tuliambiwa tusubiri tu, utapona wenyewe. Tukasubiri. Alipokuwa na miezi minne tukatumwa hospitali ya rufaa ya Mbale, na huko ndiko mama alikofundishwa kwa mara ya kwanza namna ya kuunyoosha mkono bila kuuumiza. Muda mfupi baadaye, mwaka huohuo wa 2008, tulihamishiwa hapa Kiryandongo, na habari ya daktari bingwa ikaishia njiani.

Ninawaambia haya ili msisubiri kama tulivyosubiri sisi.

KWA NINI ANAANGUKA?

Mdogo wangu alipoanza kutembea, mama alimpeleka Jinja kwa mama mdogo, katika nyumba za Walukuba, ili awe karibu na hospitali. Nami nilitumwa pamoja naye niwe mlezi. Nyumba zile zina vibaraza vya saruji, ngazi mbili tatu, na mtaro wa maji mbele. Kwa mtoto yule kila ngazi ilikuwa vita.

Siku moja alikuwa anatembea kibarazani, ameshika kipande cha muwa kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Alijikwaa, akaenda chini kama gunia. Mkono wa kushoto haukuachia muwa na mkono wa kulia haukutoka. Paji la uso likapasuka, akashonwa nyuzi tatu. Kuanzia siku hiyo nilimbeba. Nilimbeba asubuhi, nilimbeba jioni, nilimbeba hata kwenda kuchota maji. Niliogopa kupigwa, lakini pia nilimhurumia.

Baada ya miezi miwili tukampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita fizio. Yule mama alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaniuliza, "Huyu ni mtoto au ni mzigo wako? Akikaa mgongoni mwako atajifunzia wapi kuanguka?"

Nilikasirika, maana nilijiona mlezi mwema. Lakini alinieleza jambo ambalo nataka mlielewe leo.

Tufanye jaribio. Simama wewe mama, pale mbele. Simama kwa mguu mmoja, mikono yote miwili huru. Umeona inavyopepea huku na huku? Mikono inakusaidia kusimama. Sasa tufunge mkono wako mmoja tumboni kwa leso. Simama tena kwa mguu mmoja. Umeona? Sasa unayumba. Ndivyo alivyo mtoto huyu siku zote. Miguu yake ni mizima, lakini amepungukiwa na mkono wa kumsaidia kusimama sawa.

Jambo la pili ni hili. Mtoto mzima, tangu anapokuwa na miezi kama sita hadi tisa, ukimwinamisha mbele kwa ghafla hutupa mikono yake mbele kujikinga. Hakuna aliyemfundisha. Kwa mtoto wetu mkono mmoja hutoka, na mwingine huchelewa au hautoki kabisa. Kwa hiyo huangukia upande ule dhaifu, na kinachopokea pigo ni uso.

Basi kazi yetu ni ipi? Si kumzuia asitembee. Mtoto asiyetembea hajifunzi kujishika, na mkono usiopewa kazi husahaulika na kukauka. Kazi yetu ni tatu: kupafanya mahali pa kuangukia pasiwe pa hatari, kumfundisha kuanguka, na kuupa ule mkono dhaifu kazi kila siku.

KWANZA: MAHALI PA KUANGUKIA

Piga magoti mlangoni kwako utazame kwa urefu wa mtoto. Utaona mambo usiyoyaona ukisimama.

- Mafiga na moto: zungushia kizuizi, hata cha matofali au miti. Mtoto huyu anaweza kuangukia moto, na mkono dhaifu huenda usihisi kuungua. Huu ndio mkono wa kuchunga zaidi.
- Maji ya moto na uji: usiweke sufuria chini mahali anapopita.
- Mashimo: mashimo ya kufyatulia matofali, shimo la taka, mtaro wa maji. Fukia au funika. Choo kiwe na mfuniko na mlango.
- Ngazi ya baraza: ukiweza, jaza udongo uwe mteremko. Tulifanya hivyo Walukuba kwa mchanga na mawe, na nusu ya maanguko yakaisha.
- Miguuni: asivae sapatu za kaka yake. Viatu vikubwa humwangusha. Uani palipofagiliwa, miguu mitupu inatosha. Njiani avae viatu vinavyomkaa.
- Mikononi: asitembee ameshika muwa, kijiti au kijiko, na hasa asikiweke kinywani. Mkono wake mzima ndio ngao yake. Ukiujaza mandazi, umemnyang'anya ngao. Ale akiwa amekaa.

PILI: KUMFUNDISHA KUANGUKA

Haya ni michezo, si adhabu. Fanya kwenye mkeka au juu ya blanketi, mtoto akiwa ameshiba na ana furaha. Akilia, acha, mtarudia baadaye.

1. Mketishe mbele yako, umshike kiunoni. Mwinamishe polepole upande wa mkono mzima mpaka auweke chini kujishika. Kisha upande wa mkono dhaifu. Mara za kwanza hautatoka. Usaidie: fungua kiganja chake, ukiweke juu ya mkeka, uache uzito kidogo tu uegemee juu yake. Ongeza siku kwa siku.

2. Kunja blanketi liwe kama gogo. Mlaze kwa tumbo juu yake, mikono mbele, na kitu anachokipenda mbele yake. Msukume taratibu mbele na nyuma, mpaka viganja viguse mkeka.

3. Mwache atambae hata kama ameshajua kutembea. Fanyeni mchezo wa mbuzi na fisi, mtambae wote. Mkono unaobeba uzito hupata nguvu.

4. Mfundishe kuinuka. Akianguka usimnyanyue mara moja. Mwonyeshe: geuka, piga magoti, weka mikono, simama. Mdogo wangu alipojua kuinuka mwenyewe, hofu ilimtoka, naye akaanza kuanguka kwa utulivu, bila kujikaza.

Nawe mlezi, akianguka usipige kelele. Mtoto hutazama uso wako kwanza ndipo aamue kama alie. Hesabu moja, mbili, tatu, umtazame. Kama ni vumbi tu, mwambie "pole, simama," basi.

TATU: KUUPA MKONO KAZI

Mkono dhaifu usiachwe uning'inie kama mkia. Mpe kazi za mikono miwili: kusukuma mpira wa majani ya mgomba, kubeba beseni tupu, kufinyanga udongo, kupiga makofi kanisani au kwenye ngoma, kuvuta kigari cha makopo. Akipokea kitu, mara nyingine mletee upande wa mkono dhaifu na umngoje. Usimtukane kwa kutumia mkono wa kushoto ikiwa ndio mzima. Wazee wetu huona ni utovu wa adabu, lakini mtoto huyu hana mwingine. Waelezeni wazee, wataelewa.

Pia kuna mazoezi ya kunyoosha, ili viungo visikakamae. Hayo lazima uonyeshwe na fizio kwa mtoto wako mwenyewe, kwa sababu hayafanani kwa watoto wote, na katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa mkono huhitaji kwanza kupumzika. Ukishaonyeshwa, fanya taratibu, mara tatu kwa siku. Sisi tulifanya kila tulipombadilisha nguo na kila tulipomwogesha, hivyo hatukusahau.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

- Usimvute wala kumnyanyua kwa mkono, hata ule mzima. Usimnyanyue kwa kumshika makwapani. Weka mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mgongo.
- Mkitembea njiani usiuvute mkono dhaifu. Mshike nguo ya mgongoni au kiunoni, ili mkono mzima ubaki huru.
- Ukimvisha shati, anza na mkono dhaifu. Ukimvua, malizia na mkono dhaifu.
- Ukimbeba mgongoni, mkono dhaifu uwe ndani ya leso, mbele ya kifua chake, usining'inie nje.
- Kila jioni kagua mkono huo: umeungua? Umekatwa? Anajiuma vidole? Yeye huenda asikuambie, kwa sababu hauhisi sawasawa.

LINI UKIMBIE KITUO CHA AFYA?

Maanguko mengi ni ya kawaida. Lakini nenda Panyadoli mara moja, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya baada ya mtoto kupiga kichwa: anatapika tena na tena, analala mno au haamki vizuri, anapata degedege, anatokwa na damu au maji masikioni au puani, au hatembei kama alivyokuwa anatembea. Nenda pia kama mkono uliokuwa umeanza kusogea umeacha kusogea, au umevimba. Huenda umevunjika.

Tena, si kila anayeanguka ni wa ugonjwa huu. Mtoto ambaye mguu wa upande uleule nao ni dhaifu au unakakamaa, huenda shida yake iko kwenye ubongo. Mtoto anayeanguka huku macho yamegeuka na hasikii ukimwita, huenda ana kifafa. Na mtoto aliyekuwa mzima kabisa, kisha mkono au mguu ukalegea ghafla, apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu huenda ikawa polio.

Wengi wameniuliza habari za hospitali ya CURE iliyoko Mbale. Hospitali ile inajulikana kwa kuwatibu watoto wenye maji kichwani na mgongo wazi. Kwa mkono wa namna hii, anza na kituo chako cha afya, uombe barua ya kwenda kwa fizio na kwa daktari wa mifupa katika hospitali ya rufaa. Wao wakiona haja, wanaweza kukutuma mbele zaidi, kwa mfano CoRSU huko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, wanakofanya upasuaji kwa watoto wenye ulemavu. Hata mtoto aliyepita umri wa kutengenezewa mishipa, wakati mwingine upasuaji wa misuli humsaidia kuinua mkono. Kwa hiyo usiseme "tumechelewa" kabla hajaonwa.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja: Bibi yake anataka achanjwe begani na kupakwa dawa. Je, inafaa?
Jibu: Kumpaka mafuta na kumkanda polepole si vibaya. Kumchanja hapana. Chale huleta vidonda na wembe huleta magonjwa, na wembe haufiki kwenye mishipa iliyoumia.

Baba mmoja: Je, nikiufunga mkono mzima ili alazimike kutumia ule dhaifu?
Jibu: Baba, usifanye hivyo kwa uamuzi wako. Mtoto anayejifunza kutembea ukimfunga mkono mzima umemwondolea ngao ya mwisho. Fizio anaweza kufanya jambo kama hilo kwa muda mfupi, mtoto akiwa amekaa, mbele ya macho yake.

Mama mwingine: Nikipata mimba tena, itatokea tena?
Jibu: Si lazima, lakini mama ambaye mtoto wake alikwama mabega yuko katika hatari zaidi kuliko wengine. Mwambie mkunga mapema kwenye kliniki, na upange kuzalia hospitalini, si nyumbani.

Msichana wa miaka kumi na mmoja: Mama akienda shambani mimi ndiye ninayebaki naye. Akiumia nitapigwa?
Jibu: Swali hili sikulijibu mimi. Niliwaomba wazazi walijibu. Mama wa msichana huyo alisimama akasema mbele ya watu wote, "Hutapigwa." Tukapiga makofi.

MWISHO

Ndugu zangu, mdogo wangu sasa ni kijana wa sekondari. Mkono wake wa kulia haufiki juu ya kichwa, na bado ni mfupi kidogo kuliko wa kushoto. Lakini anaendesha baiskeli, anafua nguo zake, na anacheza mpira na wenzake. Kovu la muwa liko kwenye paji la uso. Nikimwuliza, ananiambia kovu hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba nikimwona anakimbia bado namwambia "polepole."

Basi kama una mtoto wa namna hii, au unamjua jirani aliyemficha ndani, njoo uniambie, au mwambie mfanyakazi wa jamii wa mtaa wako. Tutakuja nyumbani, tutatazama ngazi na mafiga pamoja nawe, na tutakusindikiza kutafuta barua ya hospitali. Na leo jioni, ukirudi nyumbani, mshushe mtoto mgongoni, tandika mkeka, ukae karibu naye. Mwache atembee.